Majina ya Samaki, Majina ya Shahada

Binti wa jirani yetu hapa Gungu, mjini Kigoma, alikuja nyumbani Jumamosi moja jioni akiwa na bahasha ya kaki iliyovimba kwa karatasi alizokuwa amezichapisha steshenari ya Mwanga. Baada ya shikamoo na kuulizana habari za nyumbani, alizitandaza mezani moja baada ya nyingine. Ilikuwa orodha ya programu za uzamili na uzamivu za Ndaki (yaani mkusanyiko wa idara) ya Sanaa na Sayansi ya chuo kikuu kimoja cha Marekani: anthropolojia, biolojia, falsafa, fizikia, hisabati, historia, kemia, saikolojia, sosholojia, takwimu, na nyingine ambazo hata mimi sikuwahi kuzisikia, kila moja ikiwa na herufi zake pembeni, M.A., M.S., M.F.A. au Ph.D. Programu kumi na moja alikuwa amezizungushia duara kwa kalamu nyekundu.

"Mwalimu," akaniambia, "naomba unichagulie inayolipa."

Ninafundisha Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari, na kwa kuwa mtaani kwetu ninajulikana kuwa ni "yule mwenye masters", kila kijana anayemaliza chuo na kukosa ajira huletwa kwangu na wazazi wake kama mgonjwa anavyopelekwa zahanati. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu vijana hao kwa haraka, nikitaja chuo hiki au kile, ada na tarehe ya mwisho ya maombi. Safari hii nilishindwa. Duara moja lilikuwa kwenye kemia, jingine kwenye uandishi wa kubuni, jingine kwenye sosholojia, na mwenyewe alikuwa na shahada ya kwanza ya sayansi katika biolojia. Nilipoziangalia zile duara nilijiona mwenyewe, kwa sababu nami nilianza hivyo hivyo, kwa kuchagua jina.

Mwaka nilioomba nafasi ya uzamili nilichagua isimu kwa sababu mwalimu mwenzangu alikuwa ameichagua mwaka uliotangulia na alirudi akiongea kwa kujiamini katika vikao. Sina sababu nyingine ya kuitoa. Nilipanda treni hapa Kigoma na begi moja, nikapita Uvinza usiku, nikanunua asali Tabora kwa ajili ya wenyeji wangu, na baada ya kilomita zaidi ya 1,200 nikashuka Dar es Salaam nikiwa na vumbi masikioni na barua ya udahili mfukoni. Wiki ya tatu nilipangiwa kuonana na mhadhiri ambaye huenda angekuwa msimamizi wangu. Aliniuliza nataka kujua nini. Nikamjibu kwamba nataka kusoma isimu.

"Hilo ni jina la idara," akasema bila ukali wowote. "Nimekuuliza unataka kujua nini."

Nilikaa kimya mpaka kimya chenyewe kikaanza kunidhalilisha. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, nikamweleza jambo lililokuwa likinichekesha tangu utotoni: kwamba samaki anayeitwa mgebuka hapa Kigoma, ukivuka tu kwenda Burundi anaitwa mukeke, na kwamba watu wa pande hizi mbili wanaweza kubishana nusu saa kuhusu utamu wa samaki wawili ambao ni samaki mmoja. Mhadhiri akavua miwani. Akauliza kama dagaa nao wako hivyo. Nikamwambia kwamba dagaa ndio balaa zaidi, kwa maana upande wa Kongo ni ndagala, na huko kusini Zambia ni kapenta. Akafungua daftari, na nilipotoka ofisini mwake saa moja na nusu baadaye nilikuwa na mada ya tasnifu, ingawa wakati huo sikujua kwamba ni mada.

Jambo hilo moja ndilo lililogeuza uelewa wangu wa masomo ya juu. Shahada ya kwanza humkuta mtu akiwa hana swali, ikampa maswali ya wengine pamoja na majibu yake, kisha ikampima kama ameyashika. Uzamili humtaka aje na lake, hata likiwa bovu, na uzamivu hauanzi kabisa bila hilo. Kijana anayechagua programu kwa jina lake anachagua mlango bila kujua anakwenda chumba gani, na hulitambua hilo mwaka wa pili, wakati ada imeshalipwa na kozi zimekwisha, pale anapotakiwa kuandika pendekezo la utafiti na kukuta kwamba ukurasa ni mweupe. Hapo ndipo wengi wa niliosoma nao walipokwama. Kati ya wale waliokuwa darasani kwangu, walioshindwa mitihani walikuwa wachache mno kulinganisha na waliofaulu kozi zote halafu wakapotelea kwenye tasnifu.

Nimeeleza haya kwa kirefu kwa sababu orodha kama ile ya yule binti inaficha tofauti kubwa nyuma ya herufi zinazofanana. Kwetu Tanzania, kwa utaratibu tuliourithi Uingereza, mtu husoma uzamili kwanza, kwa kawaida kwa mchanganyiko wa kozi na tasnifu ndani ya miaka 2 hivi, kisha akipenda huomba uzamivu, ambao kwa sehemu kubwa ni utafiti na uandishi chini ya msimamizi. Kule Marekani idara nyingi za sanaa na sayansi humpokea mwombaji wa Ph.D. akiwa na shahada ya kwanza tu, wakamsomesha kozi kwa miaka miwili au mitatu, wakamtahini kwa mitihani mikubwa inayohusu uwanja mzima, na ndipo wakamwachia aandike tasnifu, safari inayoweza kuchukua miaka 5, 6 au zaidi. M.F.A. nayo, ambayo binti alidhani ni M.A. iliyokosewa na mpiga chapa, ni shahada ya wanaotengeneza sanaa wenyewe, kama waandishi, wachoraji na watu wa maigizo, na kwao mara nyingi ndiyo shahada ya mwisho.

Hata herufi M.A. peke yake haina maana moja duniani. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na baadaye kufundisha kule jirani zetu Tabora, alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 akiwa na M.A., na wanafunzi wangu hudhani kwamba aliruka shahada ya kwanza. Hakuruka. Katika vyuo vikuu vikongwe vya Uskoti, M.A. ndiyo shahada ya kwanza ya upande wa sanaa.

Kisha kuna suala la nyumba yenyewe. Binti aliniuliza kwa nini wenzetu wanaweka kemia na historia katika ndaki moja, wakati kwetu watu hao hawapandi hata daladala moja. Katika vyuo vikuu vya Kijerumani vya zamani, elimu zote ambazo hazikuwa teolojia, sheria wala tiba zilikaa chini ya kitivo cha falsafa, na ndiyo maana mpaka leo mwanakemia hupewa shahada inayoitwa ya udaktari wa falsafa hata kama hajafungua kitabu kimoja cha falsafa. Wamarekani waliuiga mtindo huo katika karne ya 19. Chuo Kikuu cha Yale kilitoa Ph.D. za kwanza za nchi hiyo mwaka 1861, na Johns Hopkins, kilichofunguliwa mwaka 1876, kilijengwa tangu mwanzo juu ya wazo kwamba kazi ya chuo kikuu ni utafiti. Sisi tulifuata njia nyingine. Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na sheria peke yake, kitivo cha sanaa na sayansi za jamii kikafuata mwaka 1964 na cha sayansi mwaka 1965, na leo insania, sayansi za jamii na sayansi asilia kila moja ina ndaki yake.

Mgawanyo huo una faida zake, lakini mimi uliniumiza, na hili nalisema kwa masikitiko ya mtu aliyekwisha kusamehe. Tasnifu yangu ilihusu majina ya samaki na zana za uvuvi kuanzia Kibirizi hadi Ujiji. Nilikusanya majina kwa miezi mitano, nikiamka saa kumi alfajiri kuwasubiri wavuvi warudi na taa zao, kwa maana dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga, na siku za mbalamwezi wavuvi hulala nyumbani kwa sababu samaki hawakusanyiki kwenye taa. Niliandika katika kaunta buku mbili: jina, nani kalitaja, mwambao upi, na samaki mwenyewe akiwa mkononi mwangu ili nisije nikaandika jina la mwingine. Kumbe nilikuwa nakosea tangu siku ya kwanza. Sisi tunasema "dagaa" kama kwamba ni samaki mmoja, wakati wanasayansi wanahesabu spishi mbili za dagaa katika ziwa hili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na huyu wa pili ndiye aliyechukuliwa miaka ya 1960 kwenda kupandwa katika bwawa la Kariba. Dagaa wa Mwanza ndiye mbali kabisa: huyo hana hata undugu wa karibu na wetu, ni wa jamii nyingine ya samaki. Tunagombana kuhusu dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza nani mtamu, na kumbe neno moja limebeba koo mbili zisizojuana.

Haya sikuyajua mpaka mtahini wa nje alipoyauliza katika ripoti yake. Hakuna aliyenizuia kwenda kwa watu wa zoolojia. Walikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu kutoka bwenini kwangu, lakini haikunijia akilini, wala haikumjia aliyenisimamia, kwa kuwa wale walikuwa watu wa ndaki nyingine. Nilirudia sura nzima, na urudiaji huo ulinigharimu miezi saba, minne kati ya hiyo ikiwa ni ya kusubiri sura irudi kutoka katika ofisi ambayo kila nilipopiga simu niliambiwa kwamba "iko mezani". Ruhusa yangu ya masomo kutoka kwa mwajiri ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimesharudi darasani, nikifundisha vipindi ishirini na nane kwa wiki, nikisahihisha madaftari hadi saa nne usiku na kurekebisha tasnifu hadi saa saba. Nilipohitimu, mshahara wangu haukuongezeka hata shilingi moja. Nilimweleza binti hilo pia, kwa sababu alitaka kujua kuhusu kulipa.

Anayetaka kuona maana ya kuanza na swali asiende mbali na hapa. Ukipanda boti Kibirizi ukaelekea kaskazini, kiasi cha kilomita 16 hivi, unafika Gombe, hifadhi ya sokwe. Jane Goodall, mtafiti Mwingereza, alifika pale Julai 1960 akiwa hana shahada yoyote. Alikaa, akatazama, na kabla mwaka haujaisha aliwaona sokwe wakitumia vijiti kuvua mchwa kwenye kichuguu. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea moja kwa moja katika uzamivu, jambo ambalo halifanyiki mara nyingi, akasimamiwa na Robert Hinde na kupata Ph.D. yake mwaka 1966. Wasomi walimlaumu kwa kuwapa sokwe majina badala ya namba. Binti alicheka nilipofika hapo, akasema kwamba basi hata yeye afanye vivyo hivyo, asiombe uzamili, aende tu msituni. Nikamwambia kwamba njia ile ilifunguka kwa sababu Goodall alikuwa na data ambayo hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa nayo, na kwamba utaratibu wa sasa unataka wastani wa alama (GPA) wa angalau 2.7 kati ya 5 kuingia uzamili wa hapa nchini, awe ameona sokwe au hajaona.

Hilo la wastani lilitupeleka kwenye jambo la kiufundi ambalo nimeshuhudia likiwaponza vijana. Yeye alikuwa na 3.6. Kwetu hiyo ni daraja la pili la juu. Mmarekani anayesoma 3.6 bila maelezo huenda akadhani ni kati ya 4, na atakapogundua kwamba ni kati ya 5 atahisi amedanganywa. Na kijana anayejigeuzia mwenyewe kwa kikokotoo, akapata 2.88, amejishusha chini ya 3.0 ambayo idara nyingi za kule huitaka, ingawa vipimo hivi viwili havigeuzwi kwa hesabu ya namna hiyo. Usijigeuzie alama. Tuma transkripti kama ilivyo pamoja na ule ukurasa wa nyuma unaoeleza madaraja, na waache wenyewe wapime.

Kuhusu fedha nilikuwa na habari njema kidogo, nayo ni kwamba uzamivu wa Marekani katika ndaki za namna hii kwa kawaida haulipiwi na mwanafunzi: idara humwondolea ada na kumpa posho kwa kusaidia kufundisha madarasa ya mwaka wa kwanza au kufanya kazi maabara. Wapo Watanzania waliosoma kule kwa kufundisha Kiswahili. Uzamili peke yake mara nyingi haupewi fadhila hiyo, na kati ya zile duara kumi na moja, saba zilikuwa za uzamili. Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kina kituo hapa Kigoma, kinamwezesha mtu kusoma akiwa kazini, na kwa mwenye familia ningekitaja kabla ya Marekani.

Lakini yote hayo yalikuwa ya pembeni. Nilizikusanya zile karatasi, nikazigeuza uso chini, nikamuuliza lile swali nililoulizwa mimi. Alinitazama kama nilivyomtazama mhadhiri wangu. Akataja mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu alijua kwamba mwaka 2003 zilichapishwa tafiti zilizoonyesha kuwa joto limeongezeka katika ziwa letu na kupunguza chakula cha samaki. Nikamwambia kwamba hilo ni swali zuri na lina wenyewe tayari. Akataja malaria. Nikanyamaza. Nje mama yake alikuwa akimwita mdogo wake aanue dagaa kwa sababu wingu lilikuwa limesimama upande wa ziwa, na yule binti, bila kuniangalia, akasema kwamba kitu kimoja kinachomuudhi ni dagaa za mvua.

Nikamwomba aeleze. Mama yake huanika dagaa mchangani, kama wanawake wengi wa mwaloni. Kiangazi hukauka kwa siku moja na kuuzwa. Mvua zikianza, zile za mchangani hulegea, hunuka na kubadilika rangi kabla hazijakauka, na mnunuzi wa kutoka bara huzitupia jicho akataja nusu ya bei. Jirani yao anayeanika kwenye vichanja vya waya hupoteza kidogo, lakini naye hupoteza. Kinachomsumbua binti ni kwamba mama yake anaweza kuigusa dagaa mbichi na kusema hii haitafika kesho, na hukosea mara chache sana. "Ananusa nini, Mwalimu?" akauliza. "Mimi nimesoma mikrobiolojia mihula miwili na sijui ananusa nini."

Tulikaa mpaka saa tatu usiku. Zile karatasi tulizigeuza tena, tukatafuta swali hilo linaweza kukaa wapi, na duara zikafutwa moja baada ya nyingine. Kemia ilibaki kwa muda, ikaondoka. Biolojia ikabaki, kwa sharti kwamba apatikane mhadhiri pale anayeshughulika na vijidudu vya vyakula, na tulipopekua kurasa za idara kwenye simu yake hatukumwona. Ndipo nikamwambia jambo ambalo halikumpendeza, kwamba swali lake huenda halina nyumba katika ndaki ile ya Marekani hata kidogo, na kwamba aangalie Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro, ambako sayansi ya chakula inafundishwa, na kabla ya hapo apite TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa hapa Kigoma awaulize watafiti wa uvuvi wameshaandika nini kuhusu ukaushaji. Alitaka ndege, nilimpa basi la Morogoro. Aliaga kwa adabu, akachukua bahasha yake, na kwa wiki mbili hakupita kwetu.

Aliporudi alikuwa na kaunta buku. Ndani yake kulikuwa na safu nne alizozichora kwa rula: tarehe, hali ya hewa, alichosema mama, na kilichotokea kesho yake. Kurasa sita zilikuwa zimejaa.

Niliingia ndani nikamletea nakala yangu ya tasnifu ili aone jinsi jedwali linavyopangwa, na alipofika ukurasa wenye majina ya samaki akakuta alama ya kalamu ya risasi pembeni, akauliza ni ya nani. Ni ya mzee mmoja wa Kibirizi aliyenifundisha majina mengi kuliko mtu mwingine yeyote. Nilimpelekea nakala mwaka niliohitimu, nikiwa nimevaa shati jeupe, na kwa kuwa niliandika kwa Kiswahili aliisoma mwenyewe, polepole, akiwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alifika kwenye jedwali, akaomba kalamu. Jina la mstari wa nne, akasema, siyo la samaki huyo; ni la samaki yeyote akishakaushwa kwa moshi, na mimi siku ile nilimuuliza akiwa ameshika mkavu. Watahini watatu walikuwa wameupita mstari ule. Katika nakala iliyoko maktaba ya chuo bado uko vile vile.